Niwekee, Nitarudi

Hata wewe ambaye dini yetu si moja lakini umenifungulia redio alasiri hii, neno la leo linatuhusu sote. Nazungumza nanyi kutoka Shela, kisiwani Amu (Lamu).

Leo tuzungumze habari ya kutaka. Tangu ulipoamka umetaka mambo mangapi? Umetaka chai ya maziwa. Umetaka viatu ulivyoviona kwenye simu ya mwenzio. Umetaka mwanao apate nafasi ya chuo, umetaka jirani apunguze sauti ya muziki, umetaka mguu uache kuuma. Mengine yamekwisha kupita na huyakumbuki tena. Mengine unayo tangu ujana wako na leo usiku utalala nayo. Sasa swali langu ni hili, na nitalirudia: utajuaje lipi ni la kupita na lipi ni la kukaa? Utajuaje ukiwa dukani, na utajuaje ukiwa juu ya msala umeinua mikono?

Duka na msala nimeviweka pamoja kwa sababu kwangu mimi ni majirani. Mimi ni muuza nguo. Kiduka changu kiko katika kichochoro cha kupandia kutoka ufuoni, upande wa Msikiti wa Ijumaa, ule uliojengwa 1829, wenye mnara mnene unaochongoka kwenda juu ambao wageni hawaishi kuupiga picha. Adhana ikilia naegesha mlango, natandika msala nyuma ya majora, naswali, kisha naamka kuendelea kupima kitambaa. Watu wale wale wanaokuja kwangu kutaka dera ndio wanaokwenda kwa Mola wao kutaka mume, mtoto, afya na riziki. Na kwa miaka yote hii nimeona jambo moja: mtu anavyotaka dukani hakuko mbali na anavyotaka kwenye dua. Mwenye pupa huku ana pupa na kule. Mwenye kujua anachokitaka huku, kule pia haombi ovyo.

Hebu niwaoneshe kitu kimoja cha dukani. Chini ya meza yangu ya kukatia kuna rafu. Mteja anaingia, anashika dera, analikunjua, anajipimia kifuani, anasogea mlangoni kwenye mwanga aone rangi, anarudi ndani. Siku hiyo pesa hana. Ananiambia, "Mwanangu, niwekee hili, nitakuya kulitwaa Ijumaa." Basi nalikunja, nalitia kwenye mfuko, naandika jina lake kwa kalamu nzito, naliweka rafuni. Hiyo ndiyo rafu ya niwekee. Wauza nguo wote wa pwani hii wanayo, kwa jina au bila jina.

Je, wanarudi? Wengi hawarudi, ndugu zangu. Ijumaa inapita, na Ijumaa ya pili. Nikikutana nao njiani wananisalimu kwa furaha, wananiuliza habari za watoto, na dera halitajwi. Wala si waongo. Pale walipoliweka kifuani walilitaka kwa dhati, ningeweza kuapa. Tamaa yao ilikuwa ya kweli na ilikuwa ya kupita, na mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila ugomvi. Hapo ndipo tunapokosea wengi wetu. Tunadhani kwamba kitu tukikitaka kwa nguvu, nguvu ile ni ushahidi. Moto wa makuti huwaka kwa kishindo kuliko moto wa gogo la mkoko, na kila mpishi anajua upi utaivisha maharage.

Sasa wako wachache wanaorudi. Alikuwapo nahodha mmoja aliyekuwa akiendesha mashua ya watu. Kila msimu akipita dukani aliniuliza bei ya kitambaa cha tanga. Hakuwa na haraka, hakushika nguo, hakulalamika bei. Aliuliza, akashukuru, akaenda zake. Kisha akaanza kuniachia pesa kidogo kidogo, leo hivi, mwezi ujao hivi, nami naandika daftarini. Samaki wakiadimika haji. Wakipatikana anakuja. Akaniambia kwamba kila baada ya swala ya alfajiri anaomba apate chombo chake mwenyewe, na kwamba ombi hilo halijabadilika tangu alipokuwa baharia wa kumwaga maji. Nilipomkatia tanga lake hakuruka wala hakupiga kelele. Alilipokea kama mtu anayepokea kitu alichokizoea.

Sitaki mfikiri kwamba nasifu uzee na kulaumu zama hizi. Lakini ni kweli kwamba wazee wetu walikuwa na bahari ya kuwachelewesha. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, majahazi yalishuka kutoka Arabuni na Ghuba yakiwa na tende, mazulia na masanduku. Kusi ikiingia, yakarudi na boriti za mikoko na bidhaa nyingine za huku. Ukitaka zulia, unamwagizia nahodha anapoondoka, nawe unangoja kaskazi ya mwaka unaofuata. Umeagiza ukiwa mwali, linafika una mtoto kiunoni! Katika mwaka ule mzima ile hamu ya kupita ilikuwa na nafasi ya kufa kifo chake chenyewe, bila ya mtu kuihubiria. Iliyobaki hai ndiyo iliyokwenda kupokea zulia ufuoni.

Hata leo hapa kwetu kuna kitu kinachouzwa kwa mwendo ule. Ni kofia iliyoshonwa kwa mkono. Umeiona inavyoshonwa? Kitambaa kinachorwa maua, kisha kila kitundu kinatobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi, kitundu kwa kitundu, mamia yake, mpaka macho yanalia. Kofia nzuri ni kazi ya miezi. Kijana akiagiza kofia ya harusi yake lazima aagize mapema, na katika miezi ile anajua kama ni kofia anayoitaka au alitaka tu kusikia watu wakisema fulani kaagiza kofia. Ile ya mashine anainunua kwa dakika tano, na kwa dakika tano hajui lolote.

Na siku hizi? M-Pesa ilikuja 2007, nayo imetufaa mno sisi watu wa visiwani. Leo namlipa mwenye majora wa Mombasa bila kupanda basi. Kisha 2019 ikaja Fuliza, na tangu hapo unaweza kulipa hata pesa ambayo huna. Sisemi ni vibaya. Usiku mtoto ameshikwa na homa na boti ya kwenda hospitali inataka nauli, huduma kama hiyo ni rehema. Nasema tu kwamba ule mwaka wa kungoja kaskazi umekuwa kufumba na kufumbua. Umelala kitandani, taa imezimwa, unaona pazia kwenye grupu la WhatsApp la muuzaji wa Eastleigh, Nairobi. Kidole kimoja, pesa imekwenda. Mzigo unapanda basi, unafika Mokowe, unapakiwa boti, unashukia Amu, unavuka tena kuja Shela, na siku ya mwisho unabebwa na punda kutoka gati. Punda kafika mlangoni, nawe unauliza, "Ni mzigo gani huu?" Hamu ilishuka njiani, pengine pale Garsen, na deni ndilo lililokamilisha safari.

Basi tufanyeje, tuache kununua? Hapana. Mimi ninakula kwa nyinyi kununua, na Mwenyezi Mungu ameihalalisha biashara. Ninachotaka kuwakumbusha ni kwamba sheria yetu yenyewe iliweka subira ndani ya biashara, nasi tumeisahau. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa pwani, kuna khiyari. Madhali muuzaji na mnunuzi bado wako pamoja, hawajaachana, kila mmoja ana haki ya kuvunja mauzo. Tena wanaweza kuwekeana sharti la kufikiri kwa siku zisizozidi tatu. Siku tatu, ndugu msikilizaji! Imepokewa kwamba sahaba mmoja alikuwa akipunjwa punjwa sokoni, wala moyo wake haukuweza kuacha kununua. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumpiga marufuku. Alimfundisha aseme mbele ya muuzaji kwamba kusiwe na hadaa, naye akapewa siku tatu za kurudisha. Oneni huruma iliyomo. Alimwacha na soko lake, akamwongezea muda.

Siku tatu zinatosha nini? Mambo mengi, amini maneno yangu. Siku ya kwanza bado unakiona kitu machoni. Siku ya pili unakumbuka bei. Siku ya tatu unakumbuka kwamba unacho kingine kama hicho sandukuni. Au siku ya tatu inafika na bado unakitaka, tena sasa unajua cha nini, utakitumia wapi, na nani mwingine atafaidika. Hapo njoo, nitakukatia kwa moyo mweupe.

Haya, hilo la duka. Sasa twende kwenye msala, maana huko ndiko kwenye uzito.

Usiku wa mwezi 27 wa Ramadhani misikiti imejaa, kina mama tumejaa majumbani na kwenye sehemu zetu za kuswalia, mikono yote juu. Tunaomba nini? Nimesikia watu wakiomba kwa machozi mambo ambayo ukiwauliza Mfungo Tatu hawayakumbuki. Mtu amegombana na wifi yake jioni ile, basi usiku mtukufu wote ameumalizia kumshitaki wifi mbinguni. Mtu ameona nyumba ya mgeni ina bwawa la kuogelea, basi anaomba bwawa. Katika Surat Israi tumekumbushwa pupa hii ya binadamu, jinsi anavyoweza kujiombea madhara kwa bidii ile ile anayoombea heri. Ni duka lile lile na mteja yule yule! Ameshika kilicho mbele ya macho, hajauliza kama ndicho alichokijia.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikaa akaichunguza safari hii ya moyo katika kitabu chake cha Ihyaa. Anasema kwanza hupita wazo, limepita tu, hukuliita. Kisha nafsi inaliegemea. Kisha moyo unahukumu kwamba hili linafaa kufanywa. Mwisho ndipo azma. Na yale mawili ya mwanzo, wazo na mwegemeo, mtu hahesabiwi kwa sababu hayako mkononi mwake. Hili nalipenda mno. Msichana anapita mbele ya duka, upepo unainua dera la kijani, jicho linakwenda. Hajakosa kitu. Anasimama, anatabasamu. Bado hajakosa kitu. Kazi yake inaanzia pale anapojiambia, "Hili lazima." Hapo ndipo pa kuuliza swali letu: ni la kupita au ni la kukaa?

Lakini ngojeni, kuna mtego hapa, na nisipoutaja nitakuwa nimewapa nusu ya maneno. Mtu anaweza kusema, "Bi mkubwa, basi ni rahisi, nitangoja, na likikaa muda mrefu nitajua ni la heri." Si rahisi hivyo. Junaid wa Baghdad, mmoja wa mabwana wa njia ya Kisufi, aliyefariki 910, amepokewa akieleza tofauti ya wasiwasi wa shetani na matamanio ya nafsi. Shetani ukimkatalia hili anakuletea lile, maana kwake kosa lolote linamtosha. Nafsi haifanyi hivyo. Nafsi hushikilia kitu kimoja, inarudi nacho leo na kesho na mwakani, mpaka ipewe. Kwa hiyo kitu kinaweza kukaa moyoni miaka kumi kikawa ni ukaidi tu. Kijicho kinakaa. Kisasi kinakaa. Kutaka nyumba iwe ndefu kupita ya ndugu yako kunaweza kukaa mpaka kaburini. Muda unachuja yale mepesi, lakini yale mazito yanabaki kwenye kichujio, ya heri na ya shari pamoja.

Basi hayo yaliyobaki utayapambanua vipi? Hapa ndipo ninapoishukuru swala ya istikhara, ile ya kumwomba Mola akuchagulie lililo la heri, na ningependa tukae nayo kidogo kwa sababu watu wengi wameipunguza ikawa ni ya kungojea ndoto. Unaswali rakaa mbili, unalala, ukiota kijani unaolewa, ukiota maji machafu unakataa. Hapana, ndugu zangu. Sahaba Jabir bin Abdillahi amesimulia kwamba Mtume alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qurani. Ni rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, na baadaye dua, basi. Ndoto haikushurutishwa. Kilichomo ndani ya dua hiyo ndicho kinachonishangaza kila ninapoisoma.

La kwanza, katikati ya dua unatakiwa uitaje haja yako, yenyewe hasa. Sasa hebu jaribu. Umeswali, umemsifu Mola wako kwa ujuzi wake na uwezo wake, umekiri kwamba wewe hujui na yeye ndiye ajuaye, na sasa umefika pale pa kusema unachokitaka. "Ya Rabbi, ikiwa kununua sofa hizi kwa mkopo, ili wakwe zangu wakija Jumapili wasizione zile za zamani, ni heri kwangu katika dini yangu na maisha yangu na mwisho wa mambo yangu..." Unasikia? Tamaa nyingi hazivuki hapo. Ukizitamka mbele ya mwenye kujua siri, zinanywea zenyewe. Nyingine ukizitamka zinasimama imara. "Ya Rabbi, ikiwa kumpeleka binti yangu Mombasa kusomea uuguzi ni heri..." Sauti haitetemeki, na huoni haya hata neno moja.

La pili. Ikiwa jambo ni la shari, dua haikomi kwenye kuomba jambo liondolewe kwako. Inaongeza kwamba na wewe uondolewe kwenye jambo. Kwa nini yote mawili? Kwa sababu kitu kinaweza kuondoka na moyo ukabaki pale kilipokuwa. Dera limenunuliwa na mwingine, nawe bado unaliona kila Ijumaa kwenye mwili wake. Mchumba ameoa kwingine, nawe umekaa miaka mlangoni kwake kwa mawazo. Kisha unaomba heri popote ilipo, na mwisho unaomba uridhike nayo. Mnunuzi gani anaingia dukani na maneno hayo? Anamwambia muuzaji, "Nataka hiki, na kama hakinifai nifukuze hapa dukani, unipe kinachonifaa hata kama kiko kwa jirani yako, kisha unifanye nikipende." Ingekuwa kila mteja wangu anaingia hivyo, hakuna mfuko ungelala rafuni kwangu.

Na ndugu zetu Wakristo wanayo yao kuhusu jambo hili. Mwalimu mmoja Mkatoliki wa Mpeketoni alinihadithia habari za Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Alikuwa askari wa Uhispania, mwaka 1521 akapigwa na mzinga mguuni huko Pamplona, akalazwa miezi. Kitandani aliwaza mambo mawili kwa zamu. Mara aliwaza ushujaa na kumpendeza bibi mmoja mkubwa, mara aliwaza kuishi kama watakatifu aliowasoma kitabuni. Yote mawili yalimfurahisha alipokuwa akiyawaza. Tofauti aliiona baadaye. Yale ya ushujaa yakishapita yalimwacha mkavu, hana raha. Yale mengine yakishapita yalimwacha na utulivu. Maisha yake yote yaliyofuata yaligeuka kutokana na kuitazama tofauti hiyo ndogo. Nami nilipoisikia nikasema, loo, hili nalijua! Mteja akishatoka dukani na mfuko mkononi, nenda naye mpaka nyumbani kwake, umtazame baada ya saa moja. Uso wake wa saa ile ndio jibu.

Kwa hiyo usijiulize tu, "Nalitaka kiasi gani?" Jiulize, "Nikishaliwaza, linaniacha vipi?"

Sasa naomba tusielewane vibaya kwenye jambo moja. Si kwamba tamaa ya kitu kidogo ndiyo ya kupita, na ya kitu kikubwa ndiyo ya kukaa. Imepokewa kwamba Mtume alihimiza mtu amwombe Mola wake haja zake zote, hata ukanda wa kiatu ukikatika. Ukanda wa kiatu! Basi usione haya kuomba ukanda wa makubadhi, wala kuomba mahamri ya kesho yaumuke, wala kuomba boti isichelewe. Mkongwe anayetaka miwani mpya ili amalizie kusoma juzuu yake kabla hajafa, hiyo ni haja ya kukaa, na haigharimu hata robo ya bwawa la kuogelea. Kinyume chake, nimeona mambo makubwa kabisa yakiendeshwa na hamu ya wiki moja. Na hapa nakuja kwenye jambo linaloniuma kama mtu wa Shela, nalo ni nyumba zetu.

Mnajua wenyewe. Tangu hoteli ya Peponi ifunguliwe 1967, wageni wameijua Shela na wakaipenda. Wengine wamekaa nasi miongo na wamezikwa hapa. Lakini wako waliokuja kwa likizo, wakaona jua likizama upande wa mikoko, na kabla ndege haijawarudisha wakawa wamenunua nyumba. Nyumba ile sasa imepakwa chokaa vizuri, ina maua ya bogenvilia ukutani, na sehemu kubwa ya mwaka imefungwa. Simlaumu mnunuzi peke yake. Upande wa pili wa meza alikuwako mwenzetu anayeuza, naye alikuwa na hamu yake ya wiki moja. Alitaka boti ya injini, au pikipiki, au harusi ya kuzungumzwa. Boti imekwisha kuoza, na harusi imezungumzwa mpaka ikasahaulika. Watoto wake leo wamepanga chumba.

Na si nyumba tu. Vile vilima vya mchanga nyuma yetu, mvua ikinyesha vinainywa na kuihifadhi chini, maji matamu juu ya maji ya chumvi, na visima vyake ndivyo vinavyounywesha mji wa Amu. Mtu akitaka kiwanja pale juu kwa sababu mandhari ya bahari ni nzuri, anataka kitu kizuri, sikatai. Lakini mji mzima unataka maji, na umeyataka kila siku tangu ulipokuwa mji.

Niliwaahidi wiki iliyopita kwamba nitamjibu msikilizaji mmoja, sitamtaja. Ameniandikia hivi: yeye na nduguze wamerithi nyumba ya mama yao hapa Shela, mnunuzi amekuja na pesa mkononi na anataka jibu kwa haraka, na ndugu mmoja anashinikiza wauze. Yeye ameswali istikhara usiku mmoja, hakuota kitu, ananiuliza afanye nini.

Mwanangu, nakujibu kama mama yako. Kwanza, haraka ni ya mnunuzi, si yenu. Mwambieni mnataka siku za kufikiri, hiyo ni haki yenu. Akikataa kuwapa, mmejifunza jambo juu yake. Pili, sheria yetu inatambua haki ya shufaa. Mwenye fungu katika mali isiyogawanywa akitaka kuuza kwa mtu wa nje, mshirika wake ana haki ya kulitwaa fungu hilo kwa bei ile ile. Nenda kwa kadhi akueleze inavyowahusu nyinyi. Tatu, kaa na nduguyo anayetaka kuuza, nyinyi wawili tu, bila wake na bila mnunuzi, na umuulize kwa upole anataka pesa ya nini. Huenda ana deni analoliona haya kulitaja. Ikiwa hivyo, anachokitaka ni kulipa deni. Kuuza nyumba ni njia moja tu aliyoiona kwa sababu imemjia mlangoni, na deni la watu wengi linalipika kwa kodi ya vyumba vya juu ya miaka miwili au mitatu. Mkishajua hayo, rudi kwenye rakaa zako mbili, na safari hii utaje haja yenyewe. Usiseme "nyumba" kwa jumla. Sema: kuiuza, kwa fulani, kwa bei hii, kwa ajili ya jambo hili. Kisha uendelee na shughuli zako bila kuvizia ndoto, utazame njia gani inafunguka na ipi inajifunga, na moyo wako ukoje asubuhi ukishaliwaza. Na ikiwa baada ya yote hayo mkaona kuuza ndiko kwenye heri, uzeni, na Mwenyezi Mungu awabariki. Lakini mgawane kwa mafungu ya sheria, na dada zenu wapate haki yao taslimu siku ile ile, bila ya kuambiwa wangoje.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionesha kidole. Wenye maswali tuleteeni kama kawaida. Wiki ijayo, inshallah, tutazungumza habari za mahari na masanduku ya harusi.